Elimu ya Fuwele katika Nchi ya Almasi na Dhahabu

Hakuna mikoa katika Tanzania ambayo jiwe limeyageuza maisha ya watu wake kama Shinyanga na Geita. Jiwe limejenga miji pale palipokuwa na malisho ya ng'ombe, limewavuta vijana kutoka mashamba ya pamba, limezua mashauri mahakamani na mijadala bungeni, limewatajirisha baadhi ya watu na kuwaacha wengine mikono mitupu. Na bei yake huulizwa Katoro, Nyarugusu na Maganzo kabla haijaulizwa bei ya unga. Walakini elimu ya jiwe lenyewe, yaani elimu ichunguzayo madini yameumbwaje ndani, chembe zake zimepangwaje, na kwa sababu gani mpango huo ndio uyapao rangi, uzito, ugumu na thamani, haijulikani huko ila kwa watu wachache, nao aghalabu ni wale waliokwenda kuitafuta mbali. Vyuo vikuu huiita elimu hiyo mineralojia, na tawi lake lishughulikalo na mpango wa ndani huitwa kristalografia. Nataka kumweleza msomaji nini hufundishwa katika elimu hiyo, na kwa nini naihesabu kuwa ni haja ya kila siku ya wakazi wa mikoa ile miwili, maadam riziki yao, afya yao na haki yao juu ya mali ya ardhi yao vyote vimefungamana nayo.

Mwanafunzi aingiaye mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako jiolojia imefundishwa tangu miaka ya 1970, au katika Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, haanzi na mashine kubwa. Huanza na mkono wake, jicho lake na zana chache zenye kuenea mfukoni: kipande cha kigae cheupe kisichong'arishwa, kisu, sumaku, kioo cha kukuzia na kichupa cha asidi iliyozimuliwa. Mbele yake huwekwa mawe, naye hutakiwa ayatambue. Tuseme yapo mawili ya manjano yenye kumeta, moja lina dhahabu na jingine ni pairiti, madini ya chuma na salfa ambayo yamewavunja moyo watafutaji wengi. Pairiti ikisuguliwa juu ya kigae huacha mstari mweusi wenye ukijani, ilhali dhahabu huacha mstari wa manjano ya rangi yake yenyewe. Ncha ya kisu huichora dhahabu, lakini huteleza juu ya pairiti. Zikigongwa kwa nyundo, dhahabu hutandazika, na pairiti huvunjika vipande vipande ikitoa harufu ya kiberiti.

Mchimbaji mkongwe wa Rwamgasa anayajua hayo yote bila kuketi darasani, na yamkini huyajua kwa wepesi kuliko mwalimu, kwa kuwa macho yake yamefunzwa na njaa na matumaini. Chuo kikuu humpa mwanafunzi jambo moja ambalo duara, yaani shimo la machimbo, halimpi mchimbaji: nafasi ya kuuliza kwa nini, na njia ya kupata jibu. Dhahabu hutandazika kwa sababu kila atomu yake imeguswa na atomu kumi na mbili zilizo sawa nayo, zimelala tabaka juu ya tabaka, na kifungo kiziunganishacho hakichagui jirani. Tabaka moja likisukumwa huteleza juu ya jingine, kisha hushikana upya kana kwamba hakukutokea neno. Katika pairiti mambo ni mbali. Atomu za salfa zimeshikana mbili mbili, kila jozi imebanwa katikati ya atomu za chuma, na vifungo vyake vina upande maalumu ambao haviukubali kuupoteza. Kwa hiyo nyundo ikishuka hakuna kiwezacho kuteleza, na jiwe halina budi kupasuka.

Katika habari ya uzito, elimu hii ina nasaba ya zamani kuliko vyuo vya Ulaya, na wasomaji wetu wa pwani watafurahi kuijua. Abu Rayhan al-Biruni, mwanachuoni wa Khwarizmi aliyezaliwa mwaka 973, alitunga kitabu kizima juu ya johari na madini. Tena aliunda chombo chenye mlizamu mwembamba, akakijaza maji mpaka ukingoni, akatia ndani kipande cha dhahabu au yakuti, akayapima kwa mizani maji yaliyomwagika, na kwa njia hiyo akajua kila kitu kina uzito mara ngapi wa maji ya ujazo ule ule. Dhahabu safi ni zaidi ya mara 19, pairiti ni mara 5, na almasi ni mara tatu na nusu. Tofauti hiyo ndiyo iifanyayo dhahabu ibaki juu ya vitambaa vya mwaloni, yaani mahali pa kuoshea dhahabu, wakati maji yanapochukua mchanga. Na kipimo cha al-Biruni, pasipo mabadiliko makubwa, bado hufanywa na wanafunzi katika maabara za leo.

Sasa fuwele ni nini? Ni kitu kigumu ambacho atomu zake zimepangwa kwa utaratibu mmoja ujirudiao pande zote bila kukoma. Mtu atazamaye mkeka wa ukili uliotiwa rangi huona ua moja dogo likirudi tena na tena kwa urefu na kwa upana. Akilijua ua lile na namna lirudiavyo, ameujua mkeka wote, hata uwe umetandikwa msikiti mzima. Fuwele ni vivyo hivyo, ila yenyewe hujirudia kwa kina pia, na ua lake ni dogo mno hata katika punje moja ya chumvi yamo maua yasiyohesabika. Mwaka 1669 Nicolaus Steno, mzaliwa wa Denmark, alieleza kwamba fuwele za kwatzi, ziwe ndefu au fupi, nene au nyembamba, hazibadiliki pembe zilizo baina ya nyuso zake. Karne moja baadaye kasisi wa Kifaransa, René-Just Haüy, alivunja fuwele za kalsaiti akaona kila kipande kikivunjika kwa umbo lile lile, hata kikiwa kidogo kiasi gani, akakata shauri kwamba lazima ndani yake mna tofali dogo lisilobadilika. Wanahisabati wakaipokea kazi hiyo, na ilipofika mwaka 1891 Mrusi Evgraf Fedorov na Mjerumani Arthur Schoenflies, kila mmoja kwa njia yake, wakaimaliza: namna za kupanga kitu kijirudiacho katika pande tatu ni 230. Kila fuwele yenye mpango wa kujirudia, toka chumvi ya Uvinza hadi tanzanaiti ya Mererani, ina nafasi yake katika orodha hiyo.

Nashangazwa kila nikumbukapo kwamba hesabu hiyo ilifanywa na watu ambao hawakuwa na njia ya kuiona atomu hata moja. Lakini jiwe hutoa ushahidi wake kwa nje kwa mwenye subira ya kulitazama. Chukua fuwele ya pairiti iliyoumbika vyema: ni mchemraba, nyuso sita, kona kali, kama uliokatwa na fundi. Igeuze polepole mbele ya dirisha, nawe utaona juu ya kila uso mistari myembamba iliyolala sambamba, na mistari ya uso mmoja huwa imekingamana na mistari ya uso ulio jirani yake. Umbo la nje lasema kwamba mchemraba ule ukizungushwa robo mzunguko utajifanana na hapo kwanza. Mistari yasema la, mpaka uzungushwe nusu. Mistari ndiyo isemayo kweli, kwa sababu inafuata mpango wa zile jozi za salfa zilizolala ndani kwa mishazari. Mwanafunzi aliyeliona hilo kwa macho yake, hata kabla hajapewa kanuni, amekwisha kuingia katika elimu ya fuwele.

Mlango wa ndani ulifunguliwa mwaka 1912, wakati Max von Laue alipopendekeza mjini Munich kwamba miali ya eksirei ipitishwe katika fuwele, na bamba la picha lililowekwa nyuma yake likatokea na madoa yaliyopangika kwa nidhamu. William Lawrence Bragg, kijana wa Uingereza mzaliwa wa Australia, akavumbua kanuni ya kuyasoma madoa yale na kuyageuza kuwa umbali baina ya tabaka za atomu. Naye pamoja na baba yake, William Henry Bragg, wakaanza kuzifungua fuwele moja baada ya moja. Mwaka 1915 walipewa tuzo ya Nobel kwa pamoja, mwana akiwa na umri wa miaka 25, na hadi leo hakuna aliyepewa tuzo hiyo katika sayansi akiwa mdogo kuliko yeye. Mojawapo ya fuwele za awali walizozifungua, mwaka 1913, ilikuwa almasi.

Hapo twafika Shinyanga. Katika almasi kila atomu ya kaboni imeshikwa na atomu nne nyingine za kaboni, zilizosimama kuizunguka kwa umbali ulio sawa na pembe zilizo sawa. Na kila moja ya hizo nne nayo ina nne zake, mpaka fuwele yote ikawa kama shirika moja lisilo na kiungo dhaifu. Umbali wa atomu na jirani yake ni 1.54 ya kipimo ambacho milioni kumi zake hufanya milimita moja. Ugumu wa almasi, ambao haushindwi na madini mengine yoyote ya asili, umetoka hapo. Lakini kaboni ile ile, ikipangwa tabaka tabaka, kila atomu ikishikana na tatu badala ya nne, na tabaka zikawekwa mbali mbali kwa kifungo hafifu, hutoa grafaiti ya Mahenge, laini hata huacha weusi kwenye kidole. Asili yao ni moja, na wala hapana kilichoongezwa wala kilichopunguzwa. Kilichobadilika ni mpango.

John Thorburn Williamson, Mkanada aliyezaliwa mwaka 1907 na kupata shahada ya uzamivu ya jiolojia katika Chuo Kikuu cha McGill, aligundua chimbuko la almasi la Mwadui mwaka 1940, baada ya miaka ya kutafuta ambayo wengi waliiona kuwa ni ya bure. Visa vingi husimuliwa juu yake na juu ya bahati yake. Mimi nadhani bahati husaidia, walakini alichokitafuta kilikuwa kitu alichofundishwa kukijua: bomba la mwamba wa kale uitwao kimbalaiti, uliopanda kwa kasi kutoka kina cha zaidi ya kilomita 150, ambako mgandamizo ni mkubwa hata kaboni hulazimika kukaa katika mpango wa almasi. Lau mwamba ule ungepanda polepole, kaboni ingepata wasaa wa kurudi kuwa grafaiti, na Mwadui ingebaki mbuga tu. Mpandisho huo ulitokea takriban miaka milioni 50 iliyopita, nao uliacha juu ya ardhi eneo la hekta 146. Katika mabomba ya kimbalaiti yaliyopata kuchimbwa kwa faida, hakuna lililo pana kuliko hilo. Na kwa vile almasi yenyewe ni nadra mno, mtafiti hufuata masahibu zake: garneti za wekundu wa zambarau na punje nyeusi za ilmenaiti, ambazo hupanda pamoja nayo na kutapakaa kwa wingi zaidi. Kuzitambua punje hizo kwa kioo cha kukuzia, na kupima katika maabara kama zimetoka kina kifaacho, ni somo kamili la chuo kikuu.

Mwaka 1947 ilitoka Mwadui almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, na Williamson akaitoa hidaya ya arusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Ikachongwa ikabaki karati 23.6. Watu husifu rangi ile, na ni haki yao. Rangi ya manjano ya almasi hutoka kwa naitrojeni iliyojipenyeza mahali pa kaboni, na rangi ya buluu hutoka kwa boroni. Ila almasi nyingi za waridi hazina mgeni yeyote wa kumsingizia. Rangi yao hutokana na fuwele kupindwa kwa nguvu ilipokuwa bado chini ya ardhi, atomu zikasogea kidogo kutoka mahali pake kwa mistari mistari, na kasoro hiyo ikawa ndiyo inayoikamata sehemu ya nuru na kuiachia nyingine. Thamani kubwa kuliko zote, basi, imelipwa kwa ajili ya jeraha.

Tukitoka Mwadui tukaenda Bulyanhulu, katika mkoa ule ule wa Shinyanga, twakuta madini ambayo mtu asiyeisoma elimu hii hatadhani kuwa yana udugu na almasi. Ni kalkopairiti, ya manjano ya shaba, laini kiasi cha kuchorwa kwa kisu. Ushike mpango wa almasi akilini mwako. Uiondoe kaboni yote. Katika nusu ya mahali palipo wazi uweke salfa, na nusu iliyobaki uigawe baina ya shaba na chuma kwa zamu maalumu. Kwa sababu ya zamu hiyo, ua la mkeka sasa lahitaji urefu wa mara mbili kabla halijajirudia upande mmoja. Lakini kila atomu bado ina majirani wanne, kama katika almasi. Ni nakshi ile ile, imevaa vitu vingine.

Madini hayo ndiyo yaliyoitikisa nchi mwaka 2017. Mwamba wa Bulyanhulu, kama ule wa Buzwagi kabla mgodi wake haujafungwa mwaka 2021, husagwa, ukatiwa maji na dawa zinazozifanya nyuso za fuwele zenye salfa zikimbie maji na kushikamana na mapovu. Fuwele hizo huelea na povu, mchanga usio na kitu huzama, na unga upatikanao, wenye shaba, dhahabu na fedha, ndio makinikia. Mwezi Machi mwaka huo serikali ilipiga marufuku kuyasafirisha nje, makontena 277 yakazuiliwa Dar es Salaam, na kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma, mtaalamu wa jiolojia, ikachukua sampuli, ikapima, ikatoa taarifa yake tarehe 24 Mei. Kampuni iliyochimba ilizikataa hesabu zile. Shauri lilikwenda mpaka Januari 2020, serikali na Barrick, mmiliki wa kampuni hiyo, walipotiliana saini, ikawapo kampuni ya Twiga ambamo serikali ina hisa asilimia 16. Sikusudii kulifufua shauri lile hapa. Nakumbusha tu kwamba kwa miezi kadhaa watu walibishana katika magari ya abiria na vijiwe vya kahawa juu ya jambo ambalo kwa asili yake ni la maabara: katika tani moja ya unga mweusi mna gramu ngapi za dhahabu, na zimekaa ndani ya fuwele gani? Watanzania wawezao kulijibu swali hilo kwa vipimo vyao wenyewe walikuwapo, na hiyo ni heshima ya vyuo vyetu. Lakini walikuwa haba kwa nchi yenye madini ya kiasi hiki, na hadi leo naona ni haba.

Swali hilo hilo, kwa sura ya unyonge zaidi, humkabili mchimbaji mdogo wa Geita kila siku. Miamba ya ukanda huo ina umri upitao miaka milioni 2,600. Sehemu yake kubwa ya dhahabu imo katika mawe yenye tabaka za chuma na kwatzi, ambayo zamani zile yalipitiwa na maji ya moto yaliyobeba dhahabu iliyoshikana na salfa. Maji yale yalipokutana na chuma, salfa iliiacha dhahabu ikaungana na chuma, ikazaliwa pairiti. Na dhahabu, kwa kukosa wa kuibeba, ikaanguka papo hapo, nyingine katika nyufa, nyingine ndani ya tumbo la pairiti iliyokuwa ikikua. Wajerumani waliiona dhahabu ya Geita mwaka 1898, mgodi wa kwanza mkubwa ulichimbwa toka 1936 hadi 1966, na mgodi wa sasa wa AngloGold Ashanti umekuwa ukizalisha tangu mwaka 2000. Na mpaka leo kila ajaye hukabiliana na tabia hiyo moja ya jiwe.

Mchimbaji mdogo hulisaga jiwe kwa karasha, mashine ya kusagia mawe, huliosha mwaloni, kisha hutia zebaki, ambayo huilainisha dhahabu na kuivuta. Lakini zebaki huivuta dhahabu inayogusana nayo tu. Ile iliyofungwa ndani ya pairiti haiguswi, hupita na mchanga, na mara nyingi nusu ya mali yote au zaidi huenda hivyo. Ndiyo maana marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, yana bei, na ndiyo maana mwenye mtambo wa sianidi huyanunua yale ambayo mchimbaji ameyahesabu kuwa taka, akayatoa dhahabu mara ya pili. Mara nyingine hata sianidi hushindwa, kwa kuwa nayo yahitaji kuifikia dhahabu, mpaka jiwe lichomwe au lisagwe kuwa unga laini zaidi. Mchimbaji akiambiwa tu kwamba jiwe lake ni gumu hatafaidika. Akioneshwa chini ya hadubini punje ya dhahabu ikiwa imezungukwa na pairiti pande zote, atajua mwenyewe kwamba kuongeza zebaki ni kuutia mwili wake sumu bure, maana mvuke wa zebaki ichomwapo huingia mapafuni, na masalia yake hushuka mitoni yakaingia katika samaki.

Nitie neno juu ya vumbi, kwa sababu wengi hulidharau. Jiwe jeupe la kwatzi, ambalo wachimbaji hulifurahia kwa kuwa dhahabu hupenda kukaa humo, limejengwa kwa silikoni na oksijeni, kila atomu ya silikoni katikati ya nne za oksijeni, na kila oksijeni imeshirikiwa na silikoni mbili. Hakuna upande ulio dhaifu. Kwa hiyo kwatzi haina mahali ipendapo kupasukia, huvunjika kwa makali kama chupa, na ugumu wake hukwangua chuma. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na nyuso zake mbichi huuchokoza mwili mpaka mapafu yakajaa makovu. Ugonjwa huo ni silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na mwenye kuupata hushikwa na kifua kikuu kwa wepesi zaidi. Silika isiyo fuwele, ijapokuwa vitu vyake ni vile vile, haidhuru kwa kiasi hicho. Maji yanayonyunyizwa juu ya jiwe kabla na wakati wa kulisaga hulizuia vumbi kwa gharama ndogo sana, nami namsihi kila mwenye karasha ayatumie hata asiposoma mstari mwingine wa makala hii.

Katika mwaka wa pili mwanafunzi hupewa kitu ambacho wengi wao hawakisahau. Hukata kipande cha jiwe, tuseme ni itale ya majabali yale makubwa yaliyosimama katika mbuga za Usukuma, akakibandika juu ya kioo, akakisugua kwa unga mkali mpaka unene wake ubaki sehemu tatu za mia za milimita moja. Jabali lililoshinda mvua za karne nyingi sasa lapitisha nuru kama pazia. Akiliweka chini ya hadubini, baina ya vioo viwili vinavyoichuja nuru, kwatzi huonekana ya kijivu na weupe, feldispa huonesha milia iliyonyooka, na ulanga hung'ara kwa rangi za kahawia na kijani. Naye akizungusha meza ya hadubini, kila punje huzimika na kuwaka mara nne katika mzunguko mmoja, kila moja kwa wakati wake, kufuata jinsi atomu zake zilivyoelekea. Kisha hufuata eksirei, hesabu za Bragg, na kazi ndefu ya kuyapanga madoa na namba, ambayo ni kavu kwa wengi; lakini aliyeiona itale ikiwaka na kuzimika huivumilia.

Masomo haya hufundishwa kwa Kiingereza, na vitabu vyake vya Kiswahili ni kama havipo. Naliona jambo hili kuwa ni hasara, kwa kuwa Kiswahili chetu kina fuwele, kina ulanga, kina itale, kina zebaki, kina johari na mizani, na mengine yaliyopungua hupatikana kwa kuyakaribisha. Dunia yenyewe imekwisha kuyaingiza majina yetu katika daftari la madini: nyerereiti, madini ya sodiamu, kalisi na kaboneti yanayotoka katika lava ya Ol Doinyo Lengai, yamepewa jina la Mwalimu Nyerere, na merelaniiti, nyuzi nyembamba za kijivu kutoka Mererani, zilielezwa mwaka 2016. Mtoto wa shule ya sekondari ya Kahama au Geita angepaswa kuyajua hayo kabla ya kuzijua fuwele za milima ya Ulaya.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Kwanza, migodi mikubwa na vyama vya wachimbaji wadogo watoe kwa shule za sekondari za mikoa hii vipande vya mawe vilivyoandikwa majina na mahali vilipotoka: pairiti na kwatzi ya Geita, kimbalaiti ya Mwadui, kalkopairiti ya Bulyanhulu. Vipande hivyo havina thamani sokoni, na kwa mwalimu wa kemia vitakuwa maabara. Pili, mzazi mwenye kijana au binti aliyefaulu kemia pamoja na fizikia, hisabati au jiografia asimkataze kwa kudhani kwamba kusoma mawe ni kwenda kuchimba. Shinyanga penyewe pana chuo cha sayansi za ardhi kitoacho stashahada, na Dar es Salaam na Dodoma zipo shahada. Maombi ya shahada hupelekwa kwenye vyuo vyenyewe kila mwaka, baada ya matokeo ya kidato cha sita kutangazwa.